Dakika Kumi na Moja za Bandari ya Anga

Saa nane na dakika kumi na mbili mchana, Jumamosi ya tarehe sita Septemba, Varun aliweka kompyuta yake juu ya meza na kuigeuza kuelekea kwa Peres. Kwenye skrini, mtu aliyekuwa amekufa kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameketi kitandani akinywa maji.

Muziki wa vinanda ulikuwa ukipanda. Mwanamke aliyevaa koti jeupe aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akamkumbatia yule marehemu.

"Zima," Peres alisema.

"Bado kuna dakika mbili."

"Nimeona nilichohitaji kuona. Zima."

Varun alizima. Watu saba waliokuwa wameizunguka meza, katika chumba cha juu cha mkahawa mmoja wa Mtaa wa Biashara, walitazama vikombe vyao. Aliyezungumza kwanza alikuwa Bramwel, fundi wa lifti, ambaye hakuwahi kuacha kimya kipite bila kukitia neno.

"Madam Karani, huyo si Teo? Si ni yule marehemu wako?"

"Ndiye," Peres alijibu.

"Kwa marehemu, anakaa mzima sana."

Teo alikuwa mhusika wa *Bandari ya Anga*, mfululizo wa televisheni kuhusu kituo kinachoelea pembezoni mwa nyota zote zinazojulikana. Ulianza kuonyeshwa Kenya mwaka 1994 na sasa uko msimu wa thelathini na mbili. Katika sehemu ya sita ya msimu wa pili, ugonjwa unaingia kituoni na hewa inaanza kuisha. Daktari Ilvane anahesabu mitungi ya hewa: minane. Anahesabu watu: kumi na tisa, kumi na mmoja kati yao wagonjwa, na mmoja wa wagonjwa hao ni ndugu yake wa tumbo moja, Teo. Mtungi mmoja, mtu mmoja. Anafunga mlango wa wodi, anauacha, anaondoka. Halii. Picha inayofuata yuko katika chombo kingine, ameshika kikombe cha kitu chenye mvuke, anatazama nje ya dirisha.

Hivyo ndivyo Peres alivyoiona alipokuwa na miaka kumi na mmoja. Hajaisahau tangu siku hiyo, wala hakuwahi kuiona tena, kwa sababu wamiliki wa misimu miwili ya kwanza walishtakiana kwa miongo miwili na mikanda ikafungiwa. Ilitolewa upya Agosti mwaka huu. Varun alikuwa wa kwanza miongoni mwa waliokuwa mezani kuinunua.

Kikundi chao kiliitwa Wanabandari na kilikutana kila baada ya wiki tatu. Kilikuwa na daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Mbele yaliandikwa Yaliyothibitishwa, yaani mambo yaliyotukia kweli katika mfululizo. Nyuma yaliandikwa Makosa, yaani pale mfululizo ulipojipinga wenyewe. Hakuna lililoingia upande wa mbele bila mashahidi wawili, na mashahidi hawakuruhusiwa kuongea kabla. Kila mmoja aliandika alichoona kwenye karatasi yake, akaikunja, karatasi zikafunguliwa mbele ya wote. Zikilingana, inaandikwa. Zisipolingana, zinachanwa na chai inaendelea.

Peres alikuwa mtunza daftari kwa miaka kumi na sita, tangu siku lilipoanzishwa. Kazini alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya Barabara ya Ngong, na kazi zote mbili alizifanya kwa namna ile ile: jibu ni jibu, hata mwenye damu akilia. Ukurasa wa kwanza, nambari moja, ulikuwa mwandiko wake: *Daktari Ilvane alifunga mlango akaacha watu kumi na mmoja wafe, akiwemo Teo. Mashahidi: Peres, Joash.*

Chini ya ukurasa huo kulikuwa na sharti ambalo halijawahi kutumika. Mtunza daftari akithibitishwa kuwa ameandika kisichokuwepo, analiachia kwa aliyemkanusha. Lisipopatikana thibitisho la upande wowote, jambo linawekewa alama ya kuuliza na mtunzaji anabaki.

"Wamebadilisha," Peres alisema.

Varun, kijana wa miaka ishirini na tisa anayeandika programu za benki, alikuwa na tabia njema ya kusubiri kabla ya kubisha. Alisubiri. "Madam, ni ya asili. Imeandikwa hapa kwa sanduku."

"Kwa sanduku wanaandika wanachotaka kuuza. Msimu wa ishirini na nne walifufua watu wanne. Wanasafisha picha za zamani, wanaongeza muziki, halafu wanafufua. Huo muziki uliusikia? Mwaka tisini na nne hawakuwa na muziki wa aina hiyo."

"Hilo ni wazo ama ni jambo lililothibitishwa?"

Mtu mmoja alicheka upande wa dirisha. Lilikuwa swali la Peres mwenyewe, alilouliza wengine mara nyingi.

"Ni wazo," alisema. "Nipe hadi kikao kijacho."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa, alama ya kuuliza. Nikipata kwamba uko sawa, daftari ni lako."

"Mimi sitaki daftari, Madam."

"Sharti halikuuliza kama unataka."

Peres alirudi nyumbani Satellite jioni ile na Alhamisi iliyofuata akatazama sehemu mpya kama alivyotazama kila Alhamisi. Nahodha mpya alinaswa ndani ya wakati, akaokolewa dakika tatu kabla ya mwisho na mtoto wa roboti. Peres aliandika makosa mawili madogo na kuzima. Kwa maoni yake mfululizo ulioza kuanzia msimu wa kumi na tatu: kila mtu anaokolewa, kila mtu anasamehewa, hesabu hazina maana. Wenzake walimuuliza kwa nini basi hajawahi kukosa hata sehemu moja. Yeye alijibu kwamba anakusanya data. Bramwel alisema hapana, anautazama kama mtu anavyomtazama jirani aliyemkosea, kwa pazia, kila siku. Peres alijua tu anachosubiri. Alisubiri mtu afunge mlango tena.

Jioni ile ya 1994 hakujifunza kufunga mlango. Alichoona ni mtu mzima akifanya hesabu, halafu akitii jibu. Nyumbani kwao hakuna mtu mzima aliyefanya hivyo. Walifanya hesabu, wakaomba, wakafanya kinyume. Ilimshangaza kwamba jambo kama hilo linawezekana, na mshangao huo ndio aliobeba hadi darasa la kemia na mbele zaidi.

Jumapili alikwenda Kinoo.

Mwalimu Joash alikuwa amestaafu kufundisha fizikia na sasa alifuga kuku mia mbili nyuma ya nyumba, mita mia tatu kutoka barabara kuu ya Waiyaki. Ndiye aliyekuwa shahidi wa pili. Hawakuwa wakifahamiana mwaka 1994. Walikutana 2009, na karatasi zao mbili zilipofunguliwa siku hiyo zililingana hadi kwenye kikombe chenye mvuke. Daftari lilizaliwa hapo.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo, hicho kingine kimevunjika mguu. Umekula?"

"Nimekula, Mwalimu."

"Utakula tena." Alimwita mkewe, akaagiza chai na mayai, kisha akasikiliza jambo lote bila kumkatiza. Peres alipomaliza, Joash aliuliza, "Unaamini wamebadilisha?"

"Ndiyo wazo ninalolipima."

"Na wale wazungu kwa mtandao? Si walikuwa wanaandika tangu zamani kwamba daktari alirudi?"

"Wale husimuliana. Hakuna aliyesema ameona kwa macho yake."

Joash aliondoa ganda la yai polepole. "Wewe uliniambia pia hivyo mwaka elfu mbili kumi na mbili. Nilinyamaza kwa sababu karatasi zetu zililingana."

"Mwalimu, niambie tena ulivyoona. Usiniambie ulichoandika. Niambie ulivyokuwa umekaa."

Ombi hilo lilimpendeza. Aliweka yai chini. Alikuwa anafundisha shule ya upili ya bweni kule Vihiga, alisema. Stima haikuwa imefika. Walimu sita walikuwa na televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, na iliendeshwa na betri ya gari ambayo mmoja wao aliipeleka mjini kuchajiwa kila Jumatatu. Kufika Jumatano ilikuwa imeanza kuchoka.

"Kwa hivyo tulikuwa na utaratibu. Kipindi tunaangalia. Matangazo na habari tunazima. Mtu mmoja anashika redio. Akisikia habari zimeisha kwa redio, tunawasha."

"Siku hiyo mlizima?"

"Kila siku tulizima."

"Siku hiyo, Mwalimu."

Alifikiri. Kuku walisikika wakigombana. "Siku hiyo ilikuja habari maalum katikati ya kipindi. Kulikuwa na daraja linafunguliwa, ama kiwanda. Nakumbuka kwa sababu Nthiwa wa hesabu alitukana. Mlango umefungwa, daktari anatembea, paap, habari. Tukazima. Tulipowasha alikuwa na kikombe."

Peres aliacha kuandika.

"Hukuwahi kuniambia kulikuwa na habari."

"Hukuniuliza. Na habari si sehemu ya kipindi. Tuliandika kipindi."

Kalamu ikiwa hewani, Peres akaanza kukumbuka kitu ambacho hakuwa amekisahau, ila hakuwahi kukihesabu. Kule Riruta alikuwa akitazama kwa jirani, Mama Awuor, pamoja na watoto wengine tisa sakafuni. Mama Awuor alikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika televisheni mchana kutwa. Habari zikianza alikishusha juu ya kioo na kuwafukuza watoto nje, maana habari ni za wakubwa na watoto wanapiga kelele. Zikiisha, alikipandisha na kuwaita. Watoto walirudi mbio na kukaa pale pale walipokuwa.

Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kudhani kwamba nyuma ya habari kipindi kilikuwa kinaendelea. Walidhani kinawasubiri.

"Mwalimu," alisema, "habari zikiingia, kituo cha televisheni kilikuwa kinasimamisha mkanda wa kipindi?"

"Sasa hilo," Joash alisema, "ni swali zuri. Mimi sijui. Nani anajua?"

Peres hakuwa na mtu wa kumuuliza katika kituo kile. Waliofanya kazi pale wakati huo walikuwa wamestaafu ama wamekufa. Ila Joash alikumbuka kwamba mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, Bwana Amarjit, aliwahi kuwaambia Wanabandari mwanzoni kabisa kwamba anarekodi kila kitu. Alihudhuria mara moja, akasema wanapiga kelele nyingi, asirudi. Iliwachukua siku mbili kupata nambari ya binti yake.

Binti huyo, Navneet, mhasibu wa makamo mwenye sauti ya chini, alimfungulia Peres lango la nyumba ya Kitisuru Jumatano ya tarehe kumi na saba, saa tisa alasiri. Bustani ilikuwa imemwagiliwa sasa hivi. Bwana Amarjit alikuwa barazani, kilemba cha buluu, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kifuani.

"Wewe ndiye wa mlango," alisema.

"Ndimi, Uncle."

"Mimi nilikuwa nafunga duka saa moja. Kipindi kinaanza kumi na mbili na robo. Kwa hivyo mashine inaangalia kwa niaba yangu. Naiwekea saa asubuhi, najaribu, naweka tena. Hakuna siku imekosa." Alisimama kwa shida na kukataa mkono aliopewa. "Njoo."

Mikanda ilikuwa katika kabati la chumba cha nyuma, mia nne na zaidi, kila mmoja na tarehe kwa wino mweusi. Mashine ya kuichezesha ilikuwa mezani, imefunikwa plastiki. Aliihudumia mwenyewe kila mwezi, Navneet alieleza, ingawa hakuna aliyetazama chochote kwa miaka mingi.

"Kwa nini basi anaihudumia?" Peres aliuliza.

"Muulize."

"Kwa sababu ni mashine," Bwana Amarjit alisema.

Peres alisimamisha simu yake juu ya vitabu, ikaangalia skrini, na kando ya skrini akaweka saa ya kupimia ya maabara. Mzee aliitazama saa ile, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingiza mkanda.

Picha ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa ile ile. Daktari Ilvane alihesabu mitungi. Alihesabu watu. Mlango ulifungwa. Alianza kutembea kwenye ukumbi mrefu, na hatua yake ya nne picha ikakatika. Likaja bango la buluu na sauti ya kiume: tunakatiza kipindi hiki. Waziri mmoja alikata utepe mbele ya daraja. Kwaya iliimba. Waziri alizungumza. Kwaya iliimba tena. Kisha bango, na kikombe chenye mvuke.

Peres alisimamisha saa. Dakika kumi na moja na sekunde tisa.

Alitoa kompyuta ndogo aliyoazima kazini na diski aliyokopeshwa na Varun. Hakutazama. Aliifunika skrini kwa kiganja, akasikiliza mlango ukifungwa, akahesabu hatua nne, akabonyeza kusimamisha na kuandika muda, akainua kiganja, akapeleka alama mbele hadi mahali kikombe kilipotokea, akasoma tofauti ya muda.

Dakika kumi na moja na sekunde kumi.

"Sekunde moja," Bwana Amarjit alisema nyuma yake. "Hiyo ni kidole chako."

"Ndiyo, Uncle. Ni kidole changu."

Kituo hakikusimamisha mkanda. Kilionyesha daraja juu yake, mkanda ukiendelea kuzunguka chini, na kilipomaliza daraja kikarudi kwenye mkanda ulipokuwa umefika. Studio haikuwa imebadilisha chochote. Mashahidi wawili walilingana kwa sababu wote wawili walipoteza dakika zile zile.

Alikaa. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa nambari. Upande wa Makosa ulikuwa na mistari thelathini na saba iliyotegemea mlango ule. Msimu wa tano, Teo anaonekana akila chakula cha jioni: kosa. Msimu wa tisa, Daktari Ilvane anasema "sijawahi kumwacha mtu": kosa, tena limewekewa mstari chini kwa wino mwekundu. Mfululizo ulikuwa umemwambia mara thelathini na saba, naye mara thelathini na saba aliandika kwamba umekosea.

La pili lilikuwa baya zaidi. Kama daktari alirudi, na Teo akakumbatiwa kwa vinanda, basi mfululizo haukuoza msimu wa kumi na tatu. Ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Sehemu aliyoisubiri irudi haikuandikwa na mtu yeyote. Ilitengenezwa na waziri na kwaya.

Navneet alileta chai. Alitazama uso wa Peres, kisha saa. "Ni mbaya?"

"Ni sahihi."

"Utapoteza nini?"

Peres alimweleza habari za daftari kwa ufupi. Navneet alisikiliza kama mtu aliyezoea kusikiliza watu wakizunguka jambo. "Hakuna aliyeona mkanda huu ila sisi watatu," alisema, akimwashiria baba yake. "Papaji hatoki. Mimi sijui hata jina la huyo daktari. Ukisema hukupata, si inawekwa alama ya kuuliza, unabaki nalo?"

"Ndivyo sharti linavyosema."

"Basi?"

"Acha hizo, beti," Bwana Amarjit alimwambia binti yake. Alikuwa akirudisha mkanda ndani ya ganda lake. "Amekuja na saa yake."

Peres aliangalia simu. Picha ilikuwa imeingia yote, na saa ndani yake. Kwa muda wa kama dakika moja alishika kidole juu ya alama ya kufuta, si kwa sababu alitaka kuibonyeza, bali alitaka kujua kama anataka. Alipata kwamba sehemu fulani yake ilitaka. Alilizingatia hilo, akaweka simu mfukoni, akanywa chai.

Kikao cha tarehe ishirini na saba kilianza saa tisa kamili. Mwalimu Joash alikuja kutoka Kinoo, akiwa na trei mbili za mayai ambazo hakuna aliyemwomba. Peres alionyesha picha ya simu, kisha akaandika nambari mbili ubaoni: 11:09 na 11:10. Alieleza betri ya Vihiga na kitambaa cha Mama Awuor. Ilimchukua dakika kumi na nne.

Bramwel ndiye aliyeanza. "Kwa hivyo hayo makosa thelathini na saba ni yetu."

"Ni yangu. Mimi niliyaandika."

"Sisi tulikuwa tunapiga makofi." Alicheka, akajifuta macho. "Miaka kumi na sita tunalaumu wazungu, kumbe ni daraja."

Wangui, mfamasia aliyekuwa kimya mara zote, alisema hawezi kuona kwa nini daftari liondoke. Kenya nzima iliona daktari akiondoka. Watu waliokua wakiikumbuka sehemu ile wana haki ya kuiita yao. Kwa nini isiandikwe kwamba kuna mbili, ya studio na ya kwetu?

"Mimi nakubali," Varun alisema haraka. "Tuandike hivyo. Madam abaki."

"Nambari moja haikusema tuliona," Peres alisema. "Ilisema alifunga akawaacha wafe. Hakuwaacha. Tungetaka kuandika tulichoona tungeandika tuliona, na hata hapo tungetaja waziri."

"Mwalimu, msemeshe," Bramwel alisema.

"Mimi ni shahidi wa jambo hilo hilo," Joash alisema. "Nikimtetea najitetea. Endelea, mwanangu."

Peres alifungua ukurasa wa kwanza. Alipiga mstari mmoja juu ya nambari moja, mmoja tu, ili maneno yaendelee kusomeka, akaandika tarehe na saa na jina lake. Kisha akalifunga daftari na kulisukuma mezani hadi mbele ya Varun. Varun hakuligusa kwa muda.

"Na haya thelathini na saba?" aliuliza.

"Utayarudia moja moja. Mashahidi wawili kila moja."

"Itachukua mwaka."

"Zaidi kidogo."

Varun alilivuta. Peres alihama kutoka kiti cha kichwa cha meza akaketi karibu na Wangui, ambaye alimsogezea sukari. Kisha Peres akasema kwamba kuna jambo moja bado. Alikuwa amehitimisha kwamba mfululizo ulikuwa laini tangu mwanzo, na alikuwa amehitimisha hivyo bila kutazama dakika zenyewe. Ameona kumbatio tu. Angependa kuona zote.

"Sasa hivi?" Varun aliuliza.

"Kama hakuna kikao kingine."

Varun aliweka diski. Mlango ulifungwa. Daktari Ilvane alitembea hatua nne, ya tano, ya sita. Alifika kwenye chumba cha vifaa, akaanza kuvaa mtungi wake, akasimama. Hapakuwa na muziki. Alivua mtungi. Alifungua ubao wa ukutani, akatazama ndani, akasema kwa sauti kavu kwamba amehesabu rafu moja na kwamba kuna rafu mbili. Nyuma ya ubao kulikuwa na mitungi mingine. "Kumi na mmoja," alisema. "Nilikosea." Akakimbia.

Peres aliegemea mbele. Hakuna aliyemwambia kwamba daktari alirudi kwa sababu hiyo. Wale wa mtandaoni walikuwa wameandika kwamba alirudi kwa upendo.

Dakika ya tisa vinanda viliingia, na kumbatio, na machozi mengi kupita kiasi. Bramwel alimtazama Peres pembeni, akitarajia kitu. Peres alikuwa amekunja uso.

"Rudisha," alisema.

"Hadi kumbatio?"

"Hadi ubao. Pale anapofungua. Simamisha."

Varun alisimamisha. Rafu ilijaa skrini, mitungi ya kijivu imepangwa safu mbili. Peres alisimama akaenda karibu, akahesabu bila kugusa kioo, midomo ikicheza. Alihesabu tena.

"Hii ni kumi," alisema.

"Amesema kumi na mmoja," Wangui alisema.

"Amesema. Hesabuni."

Walisogea wote. Joash alibadilisha miwani. Varun aliongeza mwanga wa picha, akahesabu kwa kalamu hewani, akapata kumi. Bramwel alipata kumi na mmoja, akaonyeshwa kwamba amehesabu kivuli, akapata kumi.

"Kumi na ile minane ni kumi na minane," Bramwel alisema. "Watu ni kumi na tisa. Kuna mtu hapo hakupaswa kuishi."

"Nani?" Varun aliuliza.

"Haijulikani," Peres alisema. "Angalia kama rafu inaonekana tena mahali pengine, kwa upande."

Varun alitafuta. Ilionekana mara moja zaidi, sekunde mbili, kwa upande wa kushoto. Ilikuwa na mitungi kumi. Alifungua daftari upande wa nyuma, akapita mistari ya wino mwekundu hadi ukurasa mtupu, na kuuliza nani ni mashahidi. Saa kumi na moja kasoro dakika nane Peres na Mwalimu Joash walipewa karatasi wahesabu upya, kila mmoja kona yake.